Tumbo Lililofuliwa

Picha ilikuwa safi mno, na Inspekta Florentine Kahongya hakuwahi kuona kitu kilichopita barabara ya Beni kikafika Butembo kikiwa safi. Alisogeza kiti, akavaa miwani, akalitazama tumbo la Josaphat Kitsa kwenye kioo cha kompyuta. Ini lilikuwa laini. Wengu ulikuwa laini. Matumbo yalikuwa yamejikunja kwa adabu, kama nguo zilizotoka kupigwa pasi.

"Unaona?" alisema Daktari Henri, mwenye kliniki. "Hakuna kintu. Donc ni sumu."

Florentine alimwomba arudie hoja hiyo polepole, na daktari akairudia bila aibu. Mgonjwa ana homa. Tumbo limekaza kama ngoma. Mashine mpya ya skana haionyeshi jeraha, wala uvimbe, wala jiwe. Kilichobaki basi ni kitu kisichoonekana, na kitu kisichoonekana, hapa Butembo, kina jina moja tu. Henri alikuwa daktari mzuri wa vidonda na mifupa, lakini alizaliwa mjini hapo hapo, na hofu ya sumu aliinyonya pamoja na maziwa ya mama yake.

"Na kama ungemupasua, uangalie?"

"Nimupasue kuelekea wapi? Picha inasema hakuna mahali pa kwenda."

Hilo ndilo lililomkera Florentine: mtu anakaribia kufa, na tumbo lake kwenye picha linaonekana lenye afya kuliko la kwake yeye inspekta.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Josaphat alikuwa akinunua maharagwe na viazi Musienene na kuvipeleka Beni kwa lori. Alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya mfungo kanisani kwake, moja ya yale makanisa ambayo waumini wake hawagusi nyama ya nguruwe hata kwa mti mrefu. Wiki ile kanisa zima lilikuwa kwenye mfungo. Josaphat alipeleka mzigo Beni, akapumzika kwenye mgahawa wa Mama Jokébed, akanywa, kwa maelezo yake mwenyewe, glasi moja ya maji. Aliporudi nyumbani tumbo likaanza kumkata. Kabla hata homa haijapanda, jina la Jokébed lilikuwa limeshasambaa. Vijana wa ukoo wa Josaphat walimfuata mama huyo Beni na pikapu, wakamleta Butembo akiwa amepiga magoti kati ya magunia, na polisi wakamnyang'anya kutoka mikononi mwao na kumtia kasho, mahabusu ya kituo, kwa usalama wake.

Sasa vijana hao walikuwa wamekaa nje ya kituo, wametulia kabisa, wanasubiri habari za kliniki. Josaphat akipona, wangekwenda zao. Akifa, wangevunja mlango wa kasho. Florentine alikuwa na askari wachache wenye usingizi na kufuli moja la bei ya chini, na hakuvitegemea vyote viwili.

Alikwenda kumhoji Jokébed kabla jua halijapanda sana. Alimkuta amekaa juu ya kipande cha katoni, kitenge kimefungwa vizuri, kana kwamba kasho ni sebule ya shemeji asiyempenda. Alikuwa mjane wa makamo, na uso wake haukuwa na haraka.

Florentine akamuuliza Josaphat alikunywa nini. Maji, alisema Jokébed, kama kila mtu. Akamuuliza alikula nini. Hapo mama akaanza kuchambua nyuzi za kitenge chake.

"Mama Jokébed. Inje kuko bijana. Banangoja tu ule mugonjwa akufe. Uniambie tu alikula nini."

"Mama Inspecteur, mugeni akisha kunawa mikono, kile alikula ni kati yake na Mungu. Miye niko napika tu."

"Hata kama batakuua?"

"Nikisema ya moja, nimesema ya bote. Hapana."

Florentine aliandika jibu hilo kichwani na kulipigia mstari. Mtu aliyetoa maji matupu hana cha kuficha juu ya chakula. Na huyu alisema "ya bote". Alipanda pikipiki, akamwambia dereva aende Beni, na njia nzima malori yakamtandika vumbi hadi akaanza kufanana na ushahidi.

Mgahawa wa Jokébed ulikuwa na meza safi, picha ya ziwa ukutani, na jiko la makaa mbele kwa ajili ya mishikaki ya mbuzi. Mhudumu, binti mrefu aitwaye Providence, alimpokea kwa heshima kubwa na taarifa kidogo. Polisi wa Beni, alisema, walishapita wakachukua dawa ya panya kutoka jikoni kuwa kielelezo. Florentine alishusha pumzi. Kama dawa ya panya ni ushahidi, ingembidi akamate akina mama wote wa Kivu, na aanze na wa kwake mwenyewe. Akaomba maji ya mtungi uleule. Providence akamjazia glasi, naye akainywa yote, akakaa, akasubiri kuumwa. Aliona njaa tu.

"Maji ni mazuri," alisema, kisha akainuka kwenda kuangalia jiko.

Mishikaki ya mbuzi ilikuwa ikichomekwa kwenye spoki za baiskeli zilizosuguliwa hadi zinang'aa, kama ifanyikavyo mji mzima. Ukila, unarudisha spoki, inaoshwa, inachomekwa tena. Florentine aliona kuwa spoki zote zilining'inia kwenye misumari yake, na hapakuwa na msumari mtupu. Akazunguka nyuma kwa kisingizio cha kutafuta choo.

Nyuma kulikuwa na chumba cha pili ambacho mtu wa barabarani asingekijua. Kilikuwa na mlango wake wa uchochoroni, na ndani kiligawanywa kwa mapazia mazito kuwa vijumba vidogo, kila kimoja na meza moja na kiti kimoja, ili mtu ale bila kuonwa hata na mlaji mwenzake. Ukutani palikuwa na vigingi vya kutundikia kofia na koti. Florentine aliwahi kuona vyumba vya kuungama visivyo na siri kiasi hicho. Nje, karibu na ukuta, lilikuwa rundo la majivu, na ndani ya majivu vijiti vingi vya mianzi, vyembamba, vimeungua nusu, vimelowa mafuta.

"Ile ni nini?"

"Ya kuwashia moto, Mama," alisema Providence haraka.

Wakati huohuo mbwa wa jirani alipita kati yao, ametulia kabisa, amebeba kwato ya nguruwe mdomoni. Wote wawili wakamwangalia mpaka akatoweka kichochoroni. Providence akatazama mbingu. Florentine akajifanya hakuona. Hakutaka kumwaibisha binti wa watu kwa kosa la mbwa.

Aliielewa desturi ile mara moja, na akampenda Jokébed kwa ajili yake. Mbuzi mbele, kwenye chuma, kwa macho ya wote. Nguruwe nyuma, kwenye mianzi inayochomwa baada ya kutumika, ili siku yoyote mteja mcha Mungu akila mbuzi pale mbele asitilie shaka spoki iliyo mdomoni mwake. Ulikuwa uaminifu wa pande zote mbili. Na Josaphat, mwenyekiti wa kamati ya mfungo, hakuwa amekuja uchochoroni kufuata maji. Florentine alichagua kijiti kimoja ambacho moto haukukigusa sana, akakifunga kwenye leso.

Lakini nyama ya nguruwe peke yake haiui mtu kwa siku chache. Njia nzima ya kurudi alilifikiria jambo hilo, na kila alipofika mwisho wa wazo alikutana tena na ile picha safi. Alipofika kliniki hakumtafuta daktari. Aliuliza nani aliyepiga picha.

Aliyeipiga aliitwa Ananie, fundi wa skana, kijana mwenye miwani mikubwa aliyesomea kazi hiyo Kampala. Florentine alifunga mlango, akamuuliza swali moja tu: picha hii ilitoka mashineni hivi? Ananie alijaribu kutafuta kitu cha kufanya na mikono yake, akakosa.

"Mama, picha ya kweli iko na mavumbi. Batu banakatala. Mama moja wa Kirumba alituambia, mumepiga foto ya barabara, hapana ya tumbo yangu. Njo Docteur akasema tukuwe tunafua."

Kwa hiyo walikuwa wanafua. Ananie, akiwa na nafuu ya mtu aliyesubiri muda mrefu kuulizwa, alieleza yote. Picha ya skana si bapa kama ya pasipoti. Ni tumbo zima, limekatwa vipande vyembamba kama mkate na kupangwa kimoja juu ya kingine, na kila kipande kimejaa nukta. Mashine ikitumia mionzi kidogo ili isimdhuru mgonjwa, nukta nyingi zinakosea kidogo, moja inang'aa zaidi, nyingine inafifia, na hayo ndiyo mavumbi ambayo wateja wanayakataa. Programu ya kufulia inaipitia kila nukta na kuuliza majirani zake wote, wa kushoto na kulia, wa mbele na nyuma, wa juu na chini, kisha inachukua wastani wao. Vumbi linakwisha. Daktari Henri, kwa kuwapenda wateja wake, alikuwa ameagiza ifuliwe kwa nguvu ya mwisho.

"Na kitu kidogo kikiwa katikati ya majirani bengi?" aliuliza Florentine.

Ananie alivua miwani yake. "Kitu chembamba kinashindwa kura," alisema. "Kinafuliwa pamoja na mavumbi."

Florentine alishikwa na hofu, kisha hasira, kisha matumaini, kwa mfuatano huo. Aliuliza kama picha ya kabla ya kufuliwa bado ipo. Ipo, alisema Ananie; alikuwa hajawahi kuwa na moyo wa kuzifuta. Akaifungua. Tumbo la Josaphat likarudi likiwa limejaa chengachenga, kama ukuta uliorushiwa mchanga, na Florentine alielewa kwa nini mama wa Kirumba alikasirika. Ndani ya vurugu hiyo mtu angeweza kuona chochote alichotaka, hata sumu.

Palikuwa na njia nyingine, Ananie alisema, aliyofundishwa shuleni na ambayo hapa hakuna aliyemwomba. Ni programu inayolainisha lakini inaheshimu mipaka.

"Iyi inauliza jirani mbele: unafanana na miye? Kama anafanana, banachanganya. Kama hapana, kila mutu anabakia kwake."

"Sawa vile makanisa ya Butembo," alisema Florentine. "Washa."

Mara ya kwanza Ananie aliifanya iwe kali mno. Kila nukta ilimkataa jirani yake na vumbi likabaki lote. Akalegeza kidogo. Kompyuta ikanguruma, na picha ikaanza kutulia polepole, kutoka juu kwenda chini. Ini likawa laini, lakini safari hii ukingo wake ulikuwa mkali. Kuta za matumbo zikajitenga na vilivyomo. Ananie akalizungusha tumbo upande, kwa sababu mkate unaweza kukatwa kwa pande zote, akapitisha kipande baada ya kipande. Kisha akaisimamisha picha.

Katika kona moja ya utumbo, palipopinda, palikuwa na mstari. Ulikuwa mwembamba na umenyooka kabisa, na ncha yake moja ilikuwa imetoboa ukuta wa utumbo na kutokeza upande wa pili.

"Mu tumbo haina kintu yenye kunyooka vile," alisema Ananie kwa sauti ndogo.

Florentine alifungua leso, akakiweka kijiti chake juu ya kioo, kando ya mstari. Ananie akakuza picha hadi vipimo vikalingana. Unene ulikuwa uleule. Akamwita Henri. Daktari alitazama kioo, akatazama kijiti, akatazama agizo lake mwenyewe la kufua lililobandikwa ukutani, akalibandua na kulitia mfukoni. Halafu, na hili Florentine alilihesabu upande wake mzuri, hakupoteza muda kujitetea. Alikwenda kuagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe.

Aliyekataa alikuwa mgonjwa.

Chumbani mwake wanakwaya walijaa mpaka kwenye korido wakiimba, na kando ya kitanda alisimama Pasta Paulin, mchungaji wake, mtu mpana mwenye sauti tamu. Josaphat alikuwa amepauka, jasho linamtoka, lakini msimamo haujamtoka. Sumu haikatwi kwa kisu, alisema. Nduguze walishatuma mtu Mabalako kuleta dawa ya kutapisha, naye angeisubiri. Henri alimwambia kwamba akitapika kwa nguvu na kile kilichomo tumboni, hatafika jioni. Josaphat alifumba macho. Afadhali afe mfungaji aliyetiliwa sumu, hilo lilionekana wazi usoni mwake, kuliko apone na aulizwe.

Florentine aliwatoa wanakwaya. Pasta aliomba abaki, kwa ajili ya roho ya ndugu yake, naye akamruhusu. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Papa Josaphat, hapana sumu. Tumeiona mu picha. Ni kijiti ya mianzi. Kimetoboa utumbo. Mama Jokébed hana makosa, na weye bado unaweza kupona."

Josaphat aligeuzia uso ukutani. Chozi moja lilimtoka kwa upande. Pasta Paulin, akiguswa sana, aliinama na kumshika mkono.

"Ndugu Josaphat," alisema kwa upole mwingi, "kubali basi bakupasue. Mungu anasamehe mambo yote, hata ile nguruwe."

Nje kwaya iliendelea na ubeti wa tatu.

"Pasta," alisema Florentine, "miye nilisema kijiti."

Pasta Paulin alifungua mdomo, akaufunga, akatazama dirishani. Katika miji yote miwili hakuna mtu angetoka kwenye kijiti cha mianzi akafika kwenye nguruwe kwa hatua moja, isipokuwa amekaa nyuma ya mapazia ya Mama Jokébed. Josaphat, ambaye kwa siku hizo zote hakuwa na nguvu ya kuinua shingo, aliiinua.

"Ile sauti," alisema. "Nyuma ya rideau. Niliogopa, nikameza brochette yote mara moja, na kijiti yake, nikakimbia. Ilikuwa weye?"

"Niliomba tu pilipili," alisema Pasta.

Josaphat alianza kucheka, na kicheko kilimuumiza vibaya, akacheka huku akilia na kushika tumbo. Alipopata pumzi alimwambia Henri ampasue upesi, kabla hajacheka tena. Wakamsukuma kwenda chumba cha upasuaji. Pasta alibaki ameshika chuma cha kitanda ambacho hakikuwapo tena.

Florentine hakumhurumia bado. Alimweleza kwamba upasuaji utachukua muda, kwamba vijana walio nje ya kituo hawasomi picha za skana, na kwamba neno la polisi kwao ni sawa na upepo. Wangemwamini mtu mmoja tu. Pasta aliuliza kama inatosha kusema mama hana hatia, bila mengine. Florentine akamwambia ajaribu aone.

Alijaribu. Alisimama mbele ya kituo, chini ya bendera, akawaambia vijana kwamba Mama Jokébed hana kosa na waende nyumbani. Walimsikiliza kwa heshima. Kisha mmoja wao aliuliza yeye amejuaje, alikuwa wapi. Florentine alimwona Pasta akitazama barabara, pikipiki, njia zote za kuondokea. Mlango wa kasho ulikuwa mita chache nyuma yake, na kwenye tundu la mlango huo lilionekana jicho moja la Jokébed.

"Nilikuwako," alisema Pasta Paulin. "Nilikula kwake siku ileile, sahani ileile, wakati wa mfungo. Tulikula nguruwe, miye na Josaphat. Miye niko muzima. Yeye alimeza kijiti sababu alisikia sauti yangu."

Halafu kijana mmoja akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa, na wote wakafuata, hata askari. Walicheka mpaka wakakumbuka walivyomleta yule mama kati ya magunia, na hapo wakaacha. Mmoja aliokota jiwe alilokuwa ameliweka tayari karibu na mguu wake, akalirudisha barabarani kimyakimya.

Florentine alifungua kufuli. Jokébed alitoka, akakung'uta kitenge, akamtazama Pasta kwa huruma iliyochanganyika na kero ya mfanyabiashara.

"Mama Inspecteur," alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa mara ya kwanza, "andika kama hapana miye nilisema."

Florentine alimwambia kwamba ataliandika hilo kabla ya kitu kingine chochote, na alilitimiza.

Josaphat alipona. Kanisa lilimvua uenyekiti wa mfungo, likamsimamisha Pasta kwa muda, na katika kikao hicho, alivyosikia Florentine, wazee kadhaa walipiga kura wakiangalia sakafu. Wiki kadhaa baadaye kazi ilimpeleka tena Beni, naye akapita mgahawani kula mbuzi. Jokébed hakutaka kusikia habari ya kulipwa. Alimshika mkono, akamwambia "wasingya", yaani asante kwa Kinande, mara nyingi, akamvuta hadi nyuma amwonyeshe kitu.

Mapazia yalikuwepo, na nyuma ya yale yaliyofungwa palisikika watu wakitafuna kwa tahadhari kubwa. Kofia kwenye vigingi zilikuwa nyingi kuliko zamani. Lakini rundo la majivu halikuwa na mianzi tena. Ukutani, kwenye safu yao wenyewe, zilitundikwa spoki mpya, zimefungwa kitambaa chekundu kwenye shina ili zisichanganyike na za mbele.

"Nilibadilisha," alisema Jokébed. "Ni chuma sasa. Hata bafue picha namna gani, iyi itaonekana."

Kutoka nyuma ya pazia la mwisho sauti tamu, ya mtu mpana, iliomba pilipili.